Fundi Anajibu: Jeki imegoma kuingia chini ya kempa

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mikindani, nina kempa, yaani Hiace niliyotoa siti za nyuma nikaweka kitanda, jiko la gesi na tanki la maji, natembea nayo na mke wangu na watoto wawili tukienda Msimbati ama Kilwa. Juzi kati tunarudi usiku kutoka Kilwa Masoko, Nangurukuru tumeshaiacha tunaitafuta Mchinga, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Vifaa vyote viko chini ya kitanda, ikabidi tushushe magodoro na ndoo pembeni ya lami, jeki tunaipata haiingii chini ya ekseli (ule mhimili unaoshika matairi), spana nayo inateleza kwenye nati. Tumekaa masaa matatu mpaka dereva wa fuso akasimama. Nibebe vifaa gani?

JIBU: Marahaba kijana wangu, poleni sana, na huyo dereva Mungu ambariki, maana usiku na watoto sio mchezo.

Jeki yako inawezekana ni nzima kabisa. Tairi likiisha upepo gari linashuka, na la kwako limeshashushwa na maji, gesi na kitanda, kwaiyo jeki ya chupa (ile ya mafuta inayosimama wima) inayopita vizuri siku zote siku hiyo inagoma. Sasa kabla hujanunua chochote fanya hivi nyumbani: pakia gari kama mnasafiri kweli, tanki lijae, paki kwenye sakafu ngumu, toa upepo tairi moja la nyuma mpaka lilale, afu chukua futi upime kutoka chini mpaka pale kwenye ekseli jeki inapokaa. Hicho kipimo ndo unaenda nacho dukani. Jeki ikiwa imeshuka yote iwe fupi kuliko hapo, na ikipanda yote imudu kunyanyua mpaka tairi zima lenye upepo liingie, hii ya pili wengi wanaisahau, wanafungua lililopasuka vizuri tu afu zima halipiti. Uzito chukua ya tani tatu kwenda juu. Ile ya mkasi ya gari ndogo achana nayo kabisa.

Chini ya jeki weka ubao mgumu, kipande cha mninga kama sentimita 30 kwa 30, nene. Pembeni ya barabara zetu ni mchanga, na Msimbati ndo kabisa, bila ubao jeki inazama yenyewe gari limebaki palepale.

Spana, nati nyingi za Hiace zinataka namba 21 ila jaribu kwenye gari lako. Nunua soketi ya pembe sita na mpini mrefu, hiyo haili nati. Na kama umeweka rimu za alloy (za aluminiamu) afu spea, yaani tairi la akiba, ni rimu ya chuma, hakikisha nati zinakaa sawasawa kwenye zote mbili, zisipokaa beba seti ya pili.

Spea ya Hiace inaning'inia chini kwa nyuma, unaishusha kwa fimbo. Nyie mnaishi na chumvi ya bahari, ile cheni inashika kutu mpaka haizunguki, ishushe kila baada ya miezi michache uipake grisi, na upepo upime hapohapo. Angalia na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, spea inazeeka hata kama haijawahi kugusa lami.

Pampu ya umeme chukua ya kubana kwenye betri, sio ya kuchomeka pale pa kuwashia sigara, tairi la Hiace ni kubwa fyuzi inaweza kuungua. Itakusaidia pia Msimbati, mnapunguza upepo kuingia mchangani mnaurudisha mkitoka.

Vyote hivyo toa chini ya kitanda leo leo, weka kwenye boksi moja karibu na mlango wa nyuma pamoja na reflekta mbili, tochi ya kichwani na vigogo viwili vya kuzuia tairi. Reflekta ipeleke mbali nyuma, hatua hamsini au zaidi, na watoto wakae mbali na lami, hasa njia ya Masasi ambako malori ya makaa ya mawe yanashuka bandarini usiku na mchana.

Kwenye kazi yenyewe, legeza nati gari likiwa bado chini, ndo unyanyue. Tairi ulilotoa lilaze chini ya bodi, jeki ikiteleza gari litue hapo na sio juu ya mguu wako. Kaza kwa kuvuka, nati hii afu ya upande wa pili. Mama watoto naye afungue na kufunga walau mara moja hapo nyumbani, siku nyingine wewe ndo unaweza kuwa unaumwa. Na mkishaondoka, ikifika kama kilometa 50 simama ukaze tena, ungebadilisha pale ulipokwama basi ni mkifika Lindi mjini, kabla ya kushika njia ya Mingoyo.