Keloidi ya sikio: usikimbilie kukata kabla hujasoma hapa

Mdogo wangu uliyeuliza kama uende ukakate hicho kinundu kilichoota baada ya kutoboa sikio, nakuomba subiri kidogo. Mimi nilikata changu mwaka 2014, kikiwa kama punje ya harage. Kidonda kilipona vizuri, nyuzi zikatolewa, nikafurahi kweli. Miezi minne baadaye sikio likaanza kuwasha usiku, na mwaka haujaisha kinundu kilikuwa kama korosho.

Ngozi ikichanika, damu huganda, kisha mwili husuka nyuzi za kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu, ili kuziba pengo. Kidonda kikishafunga, nyuzi hizo hupunguzwa na kupangwa upya taratibu, hata mwaka mzima na zaidi, mpaka kovu linalala. Kwa sisi wenye keloidi kusuka hakukomi. Kinundu huvuka mipaka ya kidonda na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuguswa kabisa. Kovu likivimba lakini likabaki palepale pa kidonda, hilo ni jingine, na mara nyingi hupungua lenyewe. Kwa hiyo angalia vizuri lako ni lipi. Ukikata keloidi tu bila tiba ya kufuatia, umefungua kidonda kipya, na mara nyingi inarudi, tena kubwa kuliko mwanzo.

Kilichonisaidia ni sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayonywesha kovu, zinachomwa ndani ya keloidi yenyewe, kila baada ya wiki nne. Zinauma, sikufichi. Siku ya kwanza dawa ilikataa kuingia kwa jinsi kinundu kilivyokuwa kigumu. Dada yangu aliyenisindikiza alisema kidole gumba cha daktari kilikuwa kinatetemeka kwa kusukuma, na kinundu kikageuka cheupe. Sindano ya tatu ikapita bila shida. Wiki ile muwasho ukaisha, nikalalia upande wa kushoto usiku kucha.

Baada ya sindano sita, kilichobaki kikakatwa, sindano zikaendelea, na nikawa navaa klipu ya kubana ndewe kila siku kwa miezi. Hakijarudi mpaka leo. Ngozi ya pale imebaki nyeupe kidogo, hilo nimelikubali.

Kitunguu saumu, dawa ya meno na yale maji ya kuunguza, achana navyo kabisa. Vinachoma ngozi, na ngozi yetu haitaki kidonda kingine. Tafuta daktari wa ngozi; ukiwa kanda ya kaskazini, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Halafu waulize nyumbani, maana hali hii hutembea kwenye ukoo. Mama yangu ana keloidi begani, palepale alipochanjwa, na hakuna aliyewahi kuniambia maana yake kabla sijatoboa. Binti yangu ana miaka minane sasa, anataka hereni kama wenzake. Nimemnunulia za kubana.