Platifomu ya zege inatoa vumbi, shida ni nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza karanga na asali kwenye stesheni ndogo moja huku Tabora. Platifomu yetu ilikuwa ya udongo na mawe, wakaja wakamwaga zege tukafurahi kweli, sasa hata mwaka haujaisha imeshapasuka na juu inatoa vumbi kama unga, nafagia asubuhi jioni lipo tena. Wazee wanasema bora mawe ya Mjerumani. Kwani zege halifai stesheni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Zege linafaa sana, hapo tatizo ni maji, na nahisi walikosea mara mbili. Fundi akitaka zege limwagike kirahisi anaongeza ndoo, na mfuko mmoja wa kilo 50 unataka kama lita 25 tu, mchanga ukiwa umelowa unapunguza tena, ukizidisha maji yanapanda juu na saruji laini na ndo hilo vumbi unalofagia. Halafu likishaganda ndo linataka maji, na jua letu la Tabora la mwezi wa tisa mnalijua, zege lifunikwe magunia limwagiliwe siku 7 bila kukosa. Mimi hili la kumwagilia linaniuma kila nikiliona maana halina gharama kabisa!

Nyufa angalia hivi: pande zote mbili zikiwa sawa zege limesinyaa tu, pengine hawakuacha jointi, zile nafasi za kugawa zege vipande. Upande mmoja ukiwa umezama basi kifusi cha chini hakikushindiliwa, hapo usikubali waje kupaka plasta juu, wabomoe kipande hicho washindilie upya. Vumbi nalo, kwaruza na msumari, ikiwa laini ni ngozi ya juu tu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ufike pagumu.

Wazee nawaelewa, reli ilifika Tabora 1912 na stesheni ya Mjerumani pale Kigoma bado imesimama. Ila hata Uingereza kampuni ya Southern Railway ilikuwa na kiwanda chake Exmouth Junction, wanamwaga vipande vya platifomu kwenye fomu, yaani kalibu, hukohuko, vikishakomaa ndo vinapelekwa stesheni kupangwa. Kwa stesheni ndogo mbali na maji mi naona hiyo ingetufaa.

Na wakirudi waambie uso wa zege waukwaruze na ufagio ukiwa mbichi, dumu la mawese likivuja juu ya zege laini mtu anateleza, na mteremko uelekee nyuma, sio relini, una watoto wanaokimbilia madirisha ya behewa hapo.