Mkataba ukiisha, hesabu unampelekea nani?

Wakuu, nyie mnaohesabu siku mkataba uishe muwe huru, hii yenu.

Mimi nimepiga boda ya mkataba hapa Moshi, kijiwe cha Mbuyuni, mwaka na kitu, kila jioni hesabu ya elfu kumi kwa tajiri mwenye pikipiki mpaka iwe yangu, mvua inyeshe jua liwake, na oili nilikuwa nabadilisha kwa wakati maana yule mzee alikuwa anachomoa mwenyewe kistiki cha kupimia oili, anakipangusa, anakichovya tena, anakiangalia kwenye mwanga ndo apokee hela. Nilikuwa namchukia jamani. Siku kadi ya pikipiki imekuja mkononi nikaona nimetoka jela.

Miezi minne tu injini ikanoki, napandisha Kibosho na mteja nyuma. Nikamlaumu fundi, nikalaumu oili feki, nikalaumu mpaka mlima. Fundi akachomoa kistiki, kikavu kabisa, akanipa nikishike wala hakusema neno.

Kuna dogo wa chuo pale kijiweni akaniambia habari za Mfaransa mmoja, Sartre, 1945 huko Paris alitoa mhadhara akasema binadamu kahukumiwa kuwa huru, hukuomba kuzaliwa ila ukishakuwepo unachofanya ni chako. Wenzangu walicheka, eti hukumu gani hiyo ya uhuru. Mimi sikucheka, nilikuwa naijua, ile kadi ndo hukumu yenyewe. (Wazee wetu nao 1961 hawakusema Uhuru wakaishia hapo, walisema Uhuru na Kazi, sisi tukashika neno la kwanza.)

Ila sikubaliani na hawa wa motivesheni wanaosema kila shida umejitakia. Petroli ikipanda sijaipandisha mimi, na dogo aliyegongwa na fuso juzi hakuchagua kugongwa. Cha kwangu ni kile kistiki asubuhi, basi, na ndo hichohicho nilichokiacha.

Kwa hiyo mkataba ukiisha usiache kupeleka hesabu, jipelekee mwenyewe, hata elfu tano kwenye kibubu, na uwe na daftari, siku hujaleta andika sababu kama vile unamwandikia tajiri. Utaona aibu, hasa kama kuna mtu mwingine analisoma. Juzi mimi niliandika "mvua", mke wangu akasoma, akatoka nje akaanza kuanua nguo, zimekauka zote mpaka majinzi.