Shangazi, wageni wanatushushia bei ya kibarua saiti

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni saidia fundi hapa Dodoma, tunapiga zege na kubeba tofali huku Iyumbu. Siku tulikuwa tunalipwa 15,000, sasa fundi mkuu kaleta vijana wanne lafudhi yao ya Kigoma Kigoma hivi, wanapokea 8,000 na hawalalamiki hata wakiachiwa saa moja usiku, sisi wa siku zote tunaambiwa kama hutaki hiyo hela kaa pembeni. Wenzangu wanasema ni Warundi wametoroka kambini, tukawachome Uhamiaji. Kweli wakimbizi wanatumalizia kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa kabisa, hiyo 7,000 iliyokatwa ndo unga, nauli na kodi ya chumba. Na hujaanza wewe. Mwaka 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo wakaingia Ngara, mkoani Kagera, ndani ya siku moja tu, na watafiti waliokuja kufuatilia Kagera walikuta vibarua wa mashambani wameumia kweli, maana wakimbizi walilima kwa ujira mdogo, ila wenye mashamba yao walinufaika, walipata watu wa kuwalimia na soko la kuuzia ndizi na maharage. Kwahiyo anayekwambia wageni hawagusi chochote anakudanganya, na anayesema wameharibu kila kitu naye hivyo hivyo.

Sasa jiulize huyo kijana anakubalije 8,000. Kama kweli ni mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu kule Kigoma, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 hatakiwi kutoka kambini bila kibali, na kazi nayo inataka kibali. Fundi mkuu analijua hilo vizuri! Mtu wa hivyo hawezi kugoma, hawezi kwenda ofisi yoyote kushtaki, akidhulumiwa hata hiyo 8,000 anainama anaondoka, na ndo maana bosi anampenda kuliko wewe. Bei kaishusha bosi, mwanangu.

Habari ya kuwachoma mimi siipendi hata kidogo. Mmejuaje ni Warundi? Waha wa Kasulu na Kibondo lugha yao inakaribiana sana na Kirundi na ni Watanzania wa kuzaliwa. Halafu wapo Warundi waliokimbia 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 wakapewa uraia wetu 2014, hao na watoto wao wana haki ya kubeba zege Dodoma kama wewe tu. Na hata wakikamatwa hao wanne, kesho fundi mkuu ataokota wengine wenye njaa kijiweni na bei itabaki 8,000. Kuna wanaochanganya hapa na lile katazo la Julai 2025 la wageni kwenye biashara 15, zile za wakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni na kadhalika, lile ni la biashara, halihusu ujira wenu.

Mi ningekuwa wewe ningekaa na hao vijana wakati wa chai, mkubaliane bei moja, kumi wakisema 15,000 kwa pamoja ni vigumu kuwatimua wote zege likiwa linasubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa utaifa wake au anakotoka, na kazi ni masaa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, yakizidi kila saa inalipwa mara moja na nusu. Kwahiyo ile ya kuachiwa saa moja usiku ina hela ndani yake na hamjaidai.

Kuanzia leo andika kwenye daftari siku uliyofanya kazi, saa ya kuingia na kutoka na ulicholipwa, meseji za malipo kwenye simu usifute. Fundi mkuu akigoma nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wapo hapa hapa Dodoma. Ila msichelewe, madai ya malipo yana siku 60, na ukifukuzwa una siku 30 tu.