Maswali ya wasomaji: Ulaya wakati wa wakimbizi, yaendeka?

SWALI: Assalaam aleikum. Dada yangu ameolewa Verona, Italia. Mwezi wa saba nataka kumpeleka binti yangu wa miaka minane akamwone mamake mdogo, tukae wiki mbili, kisha twende Munich kwa treni siku nne. Lakini kila jioni taarifa ya habari yaonyesha stesheni zimejaa wakimbizi na polisi. Baba watoto asema niahirishe. Kuna hatari gani hasa?
Mama, Shela, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Hao unaowaona wamelala sakafuni na watoto wao wamekimbia vita. Hawana haja nawe. Sisi watu wa pwani tunawajua: Somalia iliposambaratika mwaka 1991, walitufikia kwa majahazi. Kitakachokusumbua wewe ni ukaguzi wa mpakani.

Kwa kawaida, ukishaingia nchi moja ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mpakani baina yao, waenda nyingine bila kuulizwa. Lakini sheria yao huziruhusu nchi kurudisha ukaguzi kwa muda. Ujerumani iliurudisha kwenye mpaka wa Austria tarehe 13 Septemba 2015, na tarehe 16 Septemba 2024 ikauweka mipaka yake yote ya nchi kavu. Treni yako kutoka Verona hupanda mlima wa Brenner, ikapita Innsbruck na Kufstein, ndipo ikaingia Ujerumani kuelekea Rosenheim. Kwenye kipande hicho cha mwisho askari huweza kupanda wakapita behewa kwa behewa. Tuseme wazi: mwanamke mweusi aliyevaa buibui huenda akaulizwa kabla ya abiria aliyeketi mbele yake. Yaudhi, na ni haki yako kuudhika, lakini jiandae. Beba pasipoti zenyewe, yako na ya mtoto, si kopi wala picha kwenye simu. Ziweke kwenye mkoba wa kifuani unaofikika bila kufungua sanduku, pamoja na barua ya mwaliko ya dada, tiketi ya kurudi na karatasi ya bima. Ukiziacha Verona kwa kuogopa wezi, utashushwa treni na mtoto wako mpaka ijulikane wewe ni nani.

Kama unavaa nikabu, jua kwamba Austria imekataza kufunika uso hadharani tangu tarehe 1 Oktoba 2017, na faini yafika euro 150. Treni yapita nchini mwao, kwa hiyo sheria yakuhusu hata kama hushuki. Buibui na mtandio havina neno.

Ukaguzi huchelewesha treni. Nunua tiketi moja ya safari nzima: ukikosa treni ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, shirika lawajibika kukufikisha kwa nyingine. Tiketi mbili mbali mbali hazina ulinzi huo, na hapo acha nafasi ya saa mbili baina ya treni na treni. Panga kufika mchana. Stesheni iliyofurika usiku, na mtoto amesinzia begani, ndipo mtu huibiwa au mtoto hupotea mkono. Andika namba ya dada, kwa kuanzia na 39 ya Italia, kwenye kitambaa kwa wino usiofutika, ukishone ndani ya nguo ya mtoto. Mfundishe pia 112, namba ya dharura inayofanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya, bila malipo.

Sasa viza. Omba kwa Italia, kwa kuwa huko ndiko utakaa siku nyingi. Kuombea Ujerumani eti miadi yapatikana upesi ni njia ya kunyimwa. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na zisibaki chini ya siku 15 kabla yake. Jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini laweza kufika 45, basi anza mwezi wa nne. Ada ni euro 90 kwako na 45 kwa mtoto. Bima ya matibabu iwe ya kulipia gharama zisizopungua euro 30,000, nayo itaje nchi zote za Schengen, si Italia peke yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Na kwa kuwa baba hasafiri, apeleke kwa wakili idhini yake ya maandishi. Akiwa ana wasiwasi, msome naye jibu hili kabla hajatia sahihi.

SWALI: Mimi ni baharia. Rafiki Mgiriki amenialika visiwa vyao vya Kos na Lesbos, tuzunguke kwa feri. Vyombo vinavyozama kwenye habari ni hizo feri? Na nikikuta watu majini nifanyeje?
Kijana wa Langoni, Lamu

JIBU: La. Vinavyozama ni maboti ya mpira yaliyopakiwa kupita kiasi, yanayovuka kutoka Uturuki. Kaskazini mwa Lesbos mlango wa bahari una upana wa kilomita kama kumi tu. Feri ni meli kubwa zenye ratiba. Shida yake ni nafasi: mwaka 2015, Wagiriki walipopokea zaidi ya watu 850,000 kwa njia ya bahari, feri za kwenda Piraeus, bandari ya Athens, zilijaa wakimbizi na watalii pamoja. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa mpigo mmoja.

Ukiona watu majini piga 108, walinzi wa pwani wa Ugiriki, au 112. Wape mahali ulipo kwa vipimo vya GPS, idadi ya watu unaowaona, na kama chombo chaingiza maji. Kuokoa roho ni wajibu wa nahodha, nawe wajua hivyo tangu utotoni. Lakini mtu wa nchi kavu akikuomba umvushe mpaka kwa gari, umkatie tiketi ya feri au umuazime pasipoti, kataa kwa upole. Mpe maji, chakula, nguo. Kumsafirisha huhesabiwa biashara ya kuvusha watu, na Ugiriki hufunga miaka mingi kwa kosa hilo.

Kuna mtego mwingine, tena huu huwanasa wengi. Kutoka Kos watakuuzia matembezi ya siku moja Bodrum, Uturuki. Viza yako ikiwa ya kuingia mara moja, imekwisha pale unapotoka Ugiriki. Jioni hutarudi.

SWALI: Nikiahirisha kwa sababu ya hali ya huko, bima yarudisha pesa?
Msomaji, Maweni, Malindi

JIBU: Bima ya viza ni ya hospitali na ya kurudisha mgonjwa au maiti, basi. Kughairi safari ni kifungu kingine, nacho huwa hakilipi kwa jambo lililokuwa limeshatangazwa siku uliponunua. Chagua tiketi ya ndege inayobadilishwa tarehe na hoteli isiyokata pesa mpaka siku chache kabla.