Re: Tathmini ya athari kwa mazingira, bwawa dogo la umeme: nitumie njia ipi?

Mkuu, umeuliza uchague lipi kati ya orodha hakiki (orodha ya mambo ya kukagua), jedwali la Leopold na tathmini ya mzunguko wa maisha. Kazi yangu ni kupitia ripoti hizi, na mimi ningeanza na swali jingine: takwimu zako za hali ya awali, yaani mto ulivyo kabla ya ujenzi, ni za majira gani?

Jedwali la Leopold lilitoka Marekani mwaka 1971. Upande mmoja lina shughuli 100 za mradi, upande wa pili vipengele 88 vya mazingira. Kila zinapokutana unaweka alama mbili, 1 hadi 10: ukubwa wa athari na umuhimu wake. Ni zuri sana kwa kukukumbusha mambo. Ila tafadhali usijumlishe alama hizo! Ajira haiwezi kufuta samaki eti kwa sababu namba yake ni kubwa zaidi.

Kuna ripoti ya bwawa niliyoipitia, samaki walipewa alama 2. Nikafungua viambatisho: nyavu zilitegwa kiangazi tu. Wale wanaopanda mto kutaga maji yanapojaa wangeonekana vipi? Jedwali limejazwa vizuri kabisa, lakini mto haumo.

Kwa bwawa, chora mnyororo wa athari. Ukuta unazuia mchanga na tope. Maji yanayotoka hayana mzigo huo wa tope, kwa hiyo yanakula kingo na kuchimba sakafu ya mto. Sakafu ikishuka, maji ya ardhini kando ya mto nayo hushuka, na visima vya watu walio mbali na ujenzi vinapungua. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika mno, maana ukiangalia kisanduku kimojakimoja cha jedwali huioni.

Mzunguko wa maisha, ule wa kiwango cha kimataifa cha ISO 14040, utumie kulinganisha teknolojia: umeme wa maji, sola au dizeli, kwa kila kilowati-saa, tangu malighafi hadi taka. Hautakuambia mto huu mmoja utakuwaje.

Kwa hiyo pima angalau mwaka mzima, masika na kiangazi. Kisha andika nani atapima baada ya ujenzi, na kiwango gani kikifikiwa maji yafunguliwe zaidi. Kama una vipimo vya tope la mto huo, viweke hapa tuvipitie pamoja.