Re: Daktari wa Mbeya, nisome MPH au niombe TFELTP?

Mkuu, kwa daktari aliyemaliza utarajali na anapenda kuzuia magonjwa kama wewe, ningechagua TFELTP, yaani mafunzo ya Tanzania ya epidemiolojia ya fildi na maabara (kuchunguza milipuko ya magonjwa). Ilianza 2008, ni miaka miwili, na muda mwingi uko fildi. Kipindupindu kikilipuka Kyela, wewe ndiye unayepita kaya kwa kaya kuuliza maji wanachota wapi, sampuli inaenda maabara, jioni mganga mkuu wa wilaya anataka ripoti (na umeme umekatika, kama kawaida).

MPH (shahada ya uzamili ya afya ya jamii) inafaa zaidi anayelenga miradi. Ila zote mbili si MMed (uzamili wa udaktari bingwa), usitarajie kuitwa bingwa. Wenzetu Marekani wana rezidensi (mafunzo ya ubingwa) ya fani hii ya kuzuia magonjwa: mwaka wa kwanza wodini, miwili inayofuata MPH imo humo humo. Ruhusa ya mwajiri anza kuifuatilia mapema.